Shimo Lenye Njaa Hula Ukuta Wake

Mpwa wangu alipigiwa simu Jumatatu, akatakiwa awe saiti Ijumaa. Kazi yenyewe ni ya msaidizi kwenye mtambo wa kuchimba nguzo za daraja, katikati ya maji. Kijana amesoma ufundi sanifu wa ujenzi hapa hapa Mbeya, amesimamia misingi ya nyumba Ilomba na Uyole, lakini maji makubwa aliyowahi kuyaona ni ya Ziwa Nyasa, siku tulipokwenda Matema msibani. Jioni ile alinifuata kwenye duka langu la vifaa vya ujenzi, Mwanjelwa, akasubiri mteja wa mwisho afungiwe misumari yake, ndipo akaketi juu ya mfuko wa saruji.

"Mjomba, nilichimba shimo la choo la futi kumi na mbili pale Mafiati, likabomoka kabla hatujashusha ringi. Sasa shimo la mita thelathini, ndani ya maji, linasimamaje?"

Miaka yangu ya ujana niliimalizia kwenye mitambo ya aina hiyo, pwani na kanda ya ziwa, mpaka mgongo uliponirudisha nyumbani. Nilimjibu usiku ule, na jibu lile naliandika hapa kwa sababu mbili. Ya kwanza, vijana wa Mbeya na Iringa wanazidi kuitwa kwenye kazi za madaraja na bandari, na wengi wanafika saiti wakiijua zege ya nchi kavu tu. Ya pili, nusu ya maneno haya yanamhusu hata mtu ambaye hatatoka Mwanjelwa maisha yake yote, maadamu ipo siku atachimba shimo la choo au kisima.

Beseni la mchanga

Sikuanza kwa maneno. Nilimpa beseni, tukalijaza mchanga kutoka kwenye rundo la kuuza, tukamimina maji hadi yakafika nusu ya kina cha mchanga. Nikampa na kipande cha bomba la plastiki la inchi nne. Akalididimiza, akaanza kuchota mchanga wa ndani kwa kijiko. Juu ya usawa wa maji kazi ilikwenda vizuri. Alipovuka usawa huo, kila kijiko alichotoa kilijazwa na kingine kilichopanda kutoka chini.

"Mbona hauishi?"

"Chomoa bomba."

Akachomoa. Shimo likajifumba palepale, pakabaki kidimbwi kidogo.

Mara ya pili nilikoroga udongo wa mfinyanzi kwenye maji mpaka ukawa mzito kama uji wa mgonjwa. Nikamwambia alijaze bomba uji huo kabla hajachota chochote, na kila akitoa kijiko cha mchanga, aongeze uji usishuke chini ya ukingo. Alipofika chini alichomoa bomba taratibu huku mimi namimina. Shimo likabaki wazi, limejaa uji hadi mdomoni. Tukaagiza chai ya tangawizi kwa mama wa jirani, tukanywa mpaka ikaisha, shimo bado lipo. Nikamwambia aingize kidole apapase ukuta. Akakuta utando mwembamba wa udongo, unateleza kama ndani ya chungu kibichi.

Kila kitu nitakachokisema kuanzia hapa kimo ndani ya beseni lile. Chembe ya mchanga ardhini haijisimamii yenyewe. Imeegemewa na jirani zake pande zote, nayo imewaegemea. Ukichimba, umewanyang'anya waliobaki egemeo lao, na deni hilo lazima ulilipe papo hapo. Malipo yake ni ya namna mbili: ukuta wa chuma, au uzito wa kimiminika kinachosukuma ukuta kutoka ndani zaidi ya unavyosukumwa kutoka nje. Shimo lililokosa malipo hayo lina njaa, na shimo lenye njaa hula ukuta wake.

Kisichopigwa picha

Daraja la J.P. Magufuli, ambalo wengi tunaliita Kigongo–Busisi, lina urefu wa kilomita 3 hivi juu ya Ghuba ya Mwanza, na Rais Samia Suluhu Hassan alilizindua tarehe 19 Juni 2025. Watu hupiga picha nyaya zake na minara yake. Sisi tuliotoka kwenye mitambo tunawaza kilicho chini ya maji: nguzo za zege zilizochimbiwa ardhini, ambazo saiti huitwa paili. Kabla hazijawa zege, kila moja ilikuwa shimo, na kila shimo lilihitaji mtu wa kulilinda lisijifumbe.

Zipo paili zinazogongelewa zikiwa tayari, kama msumari. Lakini kwenye mwamba, au panapotakiwa nguzo nene ya mita moja na nusu au mbili, huchimbwa shimo kwanza, hushushwa kapu la nondo, kisha hujazwa zege. Hatari kubwa iko katikati, tangu mtambo unapogusa udongo hadi zege inapofika juu. Saa hizo ndizo nitakazozisemea.

Kesingi: usitangulie mbele yake

Ndani ya maji huanza kesingi, yaani bomba pana la chuma linalodidimizwa kwa nyundo ya mtetemo kutoka kwenye daraja la muda au kwenye tishari. Kazi yake ni kupita kwenye maji na kwenye tope laini la juu, mahali ambapo hakuna uji wa aina yoyote utakaosaidia. Mambo manne uyashike.

Kwanza, mdomo wake wa chini utue mahali panapoziba: kwenye udongo wa mfinyanzi mgumu au kwenye mwamba. Kesingi iliyoishia kwenye mchanga ni chupa isiyo na kitako, kwa sababu maji ya nje na ya ndani yanaongea kupitia chini.

Pili, kwenye mchanga usichimbe ukapita mdomo wa kesingi wakati bado inashuka. Acha kizibo cha mchanga ndani, kesingi itangulie, wewe ufuate. Mpwa wangu alikiona kijiko chake kikijazwa kutoka chini. Kwenye mtambo, kijiko hicho ni ndoo ya zaidi ya mita moja ya ujazo, na mchanga unaopanda unaacha pango nje ya kesingi ambalo hulioni.

Tatu, pima wima mapema. Paili ya mita 40 iliyoinama kwa asilimia 1 tu hutua sentimita 40 pembeni. Kesingi ikiwa imeshuka mita mbili tatu, inanyoosheka. Ikishafika kumi, utabishana nayo bure. Timazi na pima maji havijapitwa na wakati, hata pakiwa na vyombo vya kisasa.

Nne, uchunguze mwamba ulioinama. Anayeijua Mwanza anajua matale yake, mawe makubwa ya mviringo yaliyopandana hadi ziwani. Kesingi ikitua kwenye mgongo wa jiwe kama hilo, upande mmoja unagusa na upande wa pili unaning'inia, na mchanga unaingilia penye mwanya. Usilazimishe kwa nyundo, maana utaukunja mdomo. Jaza zege hafifu chini, iache ishike, kisha uichimbe upya. Zege hiyo itakuwa imeziba mwanya na kukupa sakafu iliyo sawa. Foromani atalalamikia siku iliyopotea, lakini mchanga ukiingia utapoteza siku nyingi zaidi ya hiyo.

Uji

Chini ya kesingi unabaki na uji. Uliozoeleka ni wa bentonaiti, udongo unaotokana na majivu ya volkeno yaliyogeuka kwa muda mrefu sana. Jina lake lilitolewa Marekani mwaka 1898, kutokana na miamba ya Benton huko Wyoming. Huwa natabasamu nikiwaza kwamba sisi tunaoishi jirani na Rungwe na Ngozi, tunaokanyaga majivu ya volkeno kila siku, tunakwenda pwani kukuta ndugu wa majivu hayo akiwa ndiye anayezuia bahari isiingie shimoni. Si kila majivu hugeuka bentonaiti, lakini ukoo ni mmoja.

Uji huu hufanya kazi mbili. Unapenya kidogo kwenye ukuta, unaacha utando kama ule alioupapasa mpwa wangu, kisha uzito wake unaukandamiza utando huo. Utando bila uzito hauzuii kitu, na uzito bila utando hupotelea mchangani. Kwa hiyo uji una masharti yake.

Ukoroge kwa maji baridi, yasiyo na chumvi. Kipimo cha kawaida ni kilo 40 hadi 60 za unga kwa kila mita moja ya ujazo ya maji, kisha uuache uvimbe, ikiwezekana saa 24. Ukiukoroga kwa maji ya bahari, chembe zake zinagandana na kuzama, maji yanabaki peke yake juu. Hapo huna uji tena. Kama umeshauvimbisha kwa maji baridi, utastahimili chumvi kiasi, lakini uuchunguze mara kwa mara.

Kazi yangu ya kwanza kabisa ilikuwa ya kushika faneli. Ni faneli ya plastiki yenye mdomo mwembamba. Unaziba mdomo kwa kidole, unaijaza uji kupitia wavu, unaachia kidole na kubonyeza saa, unangoja kikombe cha mililita 946 kijae. Maji matupu hutumia sekunde 26. Uji mzuri hutumia kati ya 32 na 50. Ukipata 28, una maji yenye rangi tu. Ukipita sana 50, una ugali, na ugali huo utang'ang'ania nondo na kuizuia zege. Vijana huona kazi ya faneli ni ya mtoto. Mimi niliwahi kuona mtambo wa mamilioni ukisimamishwa na sekunde hizo, na aliyeusimamisha alikuwa kijana mwenye faneli na daftari.

Pamoja na sekunde, pima uzito na mchanga. Uji mpya usizidi tani 1.10 kwa mita ya ujazo. Kabla ya kumwaga zege, uliomo shimoni usizidi 1.15, na mchanga ndani yake usizidi asilimia 4. Uji wenye mchanga mwingi huonekana mzito na wa kutegemewa, lakini mchanga huo utatua chini usiku, na asubuhi paili yako itakalia godoro.

Siku hizi saiti nyingi zinatumia polima badala ya bentonaiti. Ni nyepesi kusafirisha na rahisi kutupa. Lakini haijengi utando mnene, kwa hiyo inataka usawa wa juu zaidi ndani ya shimo. Ikikutana na maji ya chumvi au magumu, inataka kwanza soda ashi, ndugu yake magadi ya kuivishia maharage. Na pampu yenye mapanga ya kasi huikatakata hadi ikawa maji. Ukiwa umezoea bentonaiti usije ukadhani umeijua polima, na ukiikuta saiti omba ufundishwe upya.

Usawa wa uji na mwezi angani

Hapa ndipo nilipojifunza kwa uchungu.

Ilikuwa pwani, kwenye mradi ambao sitautaja. Shimo lilikuwa limefika mita 31 chini ya usawa wa maji ya saa ile, kesingi imeishia mita 14, na chini yake ni mchanga uliochanganyika na udongo. Zamu yetu ilikuwa inaisha. Nilipima uji: mita 1 juu ya maji ya nje. Nikaandika kwa chaki kwenye kesingi, nikaandika na kwenye daftari, tukaenda kula. Mtambo uliharibika kipuri, zamu ya usiku haikuchimba, na hakuna aliyepewa kazi ya kuangalia shimo lisilochimbwa.

Nilichosahau ni kwamba nilipima maji yakiwa yamekupwa, na ilikuwa siku za bamvua, ambapo mwezi mpevu au mwandamo huyavuta maji kuliko siku nyingine. Pwani yetu, bamvua hutenganisha maji kujaa na maji kupwa kwa zaidi ya mita 3. Saa sita baadaye bahari ilikuwa imepanda, na uji wangu ulikuwa palepale.

Fanya hesabu pamoja nami, maana hesabu hii inabebeka kichwani. Uji wetu ulikuwa na uzito wa tani 1.06 kwa mita ya ujazo, na maji ya bahari ni tani 1.025. Kwenye mdomo wa kesingi, mita 14 chini ya maji kupwa, uji wenye kimo cha mita 15 ulisukuma nje kwa tani 15.9 kwa kila mita ya mraba. Bahari ilipokupwa ilisukuma ndani kwa tani 14.35. Tulikuwa tunashinda. Ilipojaa kwa mita 3, kimo chake kikawa mita 17, na msukumo wake ukafika tani 17.4. Tukawa tunashindwa, tena tumelala.

Asubuhi nilishusha utepe wenye uzito. Ulitua mita 24. Mita saba za shimo zilikuwa zimeliwa usiku, na juu ya daraja la muda palikuwa pametulia kana kwamba hakuna kilichotokea. Tulijaza shimo mchanga na zege hafifu, tukangoja, tukachimba upya. Hakuna aliyeumia. Ila daftari lilikuwa na mwandiko wangu, na hadi leo nikiona chaki kwenye chuma moyo hushtuka.

Kwa hiyo, ushauri. Usipime usawa wa uji dhidi ya maji unayoyaona sasa. Upime dhidi ya maji ya juu kabisa yatakayofika kabla shimo halijajazwa zege. Juu ya hayo ongeza angalau mita 1.5 kwa bentonaiti, na mita 3 hivi kwa polima. Mdomo wa juu wa kesingi lazima uwe mrefu wa kutosha kubeba kimo hicho, na hilo huamuliwa kesingi inapokatwa, si usiku wa bamvua. Kama tungefuata kanuni hiyo, uji wetu ungekuwa mita 4.5 juu ya maji kupwa, ungesukuma kwa tani 19.6, na bahari ingejaa ikapwa bila kutugusa.

Ziwani hakuna bamvua, lakini usibweteke. Mwaka 2020 Ziwa Victoria lilipanda hadi kufunika mialo na mashamba ya watu. Upepo nao huyasukuma maji upande mmoja wa ghuba, na mawimbi hupiga kesingi yaliyomo ndani yakatikisika. Mvua kubwa ikiingia shimoni huuzimua uji kwa juu. Kila maji yana tabia zake. Waulize wavuvi wa pale kabla hujauliza kompyuta, kisha uliza vyote viwili.

Mkono wa dereva

Unaweza kuwa na uji sahihi na usawa sahihi, shimo likabomolewa na mkono wa dereva wa mtambo. Ndoo ya kuchimbia inakaribia kulingana na upana wa shimo. Ikivutwa juu kwa pupa, inafanya kazi ya bomba la sindano: chini yake msukumo unapungua ghafla na ukuta unavutwa ndani. Ikishushwa kwa pupa, uji unarushwa juu na kuukwangua utando. Ndoo nzuri ina njia ya kupitisha uji pembeni. Hakikisha haijazibwa na udongo wa jana.

Kila ndoo inayotoka imebeba kipande cha shimo, na nafasi hiyo inataka uji mara moja. Pampu ya kujazia iwe na mtu wake na isiwe kazi ya pembeni ya mtu mwingine. Nimeona dereva hodari wa kuchimba haraka akisifiwa wiki nzima, kisha zege ikaja kumuumbua.

Na shimo likishafika kina, usilitazame. Limalizie. Safisha chini, shusha kapu la nondo, mwaga zege. Shimo linalongoja kapu lisilokwisha kusukwa, au lori la zege lililokwama foleni, linazeeka kila saa. Ndiyo maana foromani mwenye akili haanzi mita za mwisho mpaka kapu liko tayari na zege imethibitishwa. Wala usichimbe shimo jipya ubavuni mwa paili iliyomwagwa leo. Iache hadi kesho, au sogea mbali mara tatu ya upana wake.

Dalili za shimo linaloumwa

Shimo halibomoki bila kutoa taarifa. Zipo dalili nne, na zote anaweza kuziona msaidizi wa mshahara wa chini kuliko wote.

Kina kimepungua. Pima kwa utepe wenye uzito kila zamu inapoanza na inapoisha, mahali pale pale pembezoni na katikati. Tofauti ya nusu mita ni habari, usiifanye siri.

Usawa wa uji umeshuka wakati hakuna anayechimba. Pwani kuna mawe ya matumbawe yenye mapango, na ndoo ikitoboa pango uji unatoweka kama maji kwenye sinki. Hapo hakuna kikao. Toa ndoo, jaza uji au hata maji kwa pampu zote mlizonazo, rudisha udongo shimoni ikibidi, ndipo muite mhandisi. Shimo lililojazwa udongo litachimbwa tena, ila lililobomoka hujui limeishia wapi.

Ndoo imeleta udongo usio wa kina hicho. Uko mita 25 kwenye mfinyanzi wa kijivu, ndoo inatoka na mchanga mweupe wa mita 12. Mchanga huo umeanguka kutoka juu.

Ya nne ni zege yenyewe, nayo inataka sehemu yake.

Zege husema ukweli

Zege ya chini ya uji hupitishwa kwenye bomba hadi kitako cha shimo, na huusukuma uji juu. Mdomo wa bomba ukae umezama ndani ya zege angalau mita 2 wakati wote. Ukiuchomoa, uji unaingia katikati na paili inakatika vipande viwili visivyoonekana. Zege iwe laini ya kutiririka yenyewe, na imwagwe bila kusimama.

Sasa hesabu. Shimo la kipenyo cha mita 1.5 linameza mita za ujazo 1.77 kwa kila mita ya kina. Lori la mita 6 za ujazo linapaswa kuipandisha zege mita 3.4. Pima baada ya kila lori na uandike. Ikipanda mita 2 tu, kuna pango ukutani na zege inaingia humo. Ikipanda mita 4.5, usifurahi kwamba umeokoa saruji. Maana yake shimo limebana, udongo umeingia mahali pa zege, na nguzo ya daraja imekondeana kiuno. Hii ya pili ndiyo mbaya zaidi. Nimesikia watu wakiishangilia.

Kama kesingi inachomolewa, usiivute mpaka zege ndani yake imepanda vya kutosha kuyashinda maji ya nje. Kanuni ni ile ile ya beseni: anayetoka aache nyuma yake kitu chenye uzito.

Na shimo la nyumbani

Nimesema nusu ya haya ni ya Mwanjelwa. Shimo la choo au kisima halijazwi uji, kwa sababu lina mtu ndani. Kwa hiyo malipo yanabaki ya namna moja: ukuta mgumu. Shusha ringi za zege kadiri unavyochimba, fundi achimbe ndani ya ringi nayo ishuke kwa uzito wake. Hiyo ndiyo kesingi ya maskini, na ni njia ya watu wenye akili. Kuchimba hadi chini ndipo ushushe ringi, kama mpwa wangu alivyofanya Mafiati, ni kucheza kamari na maisha ya mtu kwa kuokoa siku mbili.

Shimo likishapita kimo cha kifua, asishuke mtu bila ukuta. Rundo la udongo likae mita moja au zaidi kutoka ukingoni, kwa maana uzito wake unausukuma ukuta. Udongo wetu wa majivu una hila: kiangazi unasimama wima kama mkate, watu wanauamini, mvua za Novemba zikianza unalegea siku moja. Na usishushe pampu ya petroli ndani ya kisima, wala usiiwashe mtu akiwa ndani, moshi wake unaua kabla hajapiga kelele. Upande wa Rungwe hewa ya ukaa hutoka ardhini yenyewe, kiasi kwamba huvunwa kibiashara. Ni nzito kuliko hewa ya kawaida na hutuama mashimoni. Mwenzako akianguka ndani, usimfuate bila kamba na bila hewa. Waokoaji wengi wamekufa visimani hivyo hivyo.

Asubuhi ya safari

Tuliongea mpaka usiku. Mpwa wangu alijaza kurasa sita za daftari: sekunde 32 hadi 50, mita 1.5, asilimia 4, mita 3.4 kwa lori. Beseni tukaliacha nyuma ya duka, shimo lake limejaa uji hadi mdomoni.

Alfajiri alipita kuniaga akiwa na begi, basi likimngoja. Tukaenda nyuma pamoja kuchukua koleo, tukalikuta beseni. Uji ulikuwa umeshuka vidole vinne, umenyonywa na mchanga polepole usiku kucha. Juu ya usawa wake mpya ukuta ulikuwa umeporomoka upande mmoja, na mahali pa shimo pakawa na kovu.

Hakusema kitu kwa muda. Nilidhani ataniuliza kama tulikosea kipimo cha udongo. Akafunga zipu ya begi.

"Mjomba, kule saiti, usiku shimo linaangaliwa na nani?"

Nikamwambia hilo ndilo swali la kuuliza siku ya kwanza, kabla hujauliza mshahara unatoka lini. Na wakikujibu kwamba hakuna, waambie utaliangalia wewe.